Gitaa la Kujifunzia

Katika biashara ya magitaa ya mtumba hakuna maneno yanayonichosha kama haya: "Ni la kujifunzia tu." Mzazi huyasema akitetea bei aliyolipa. Kiongozi wa kwaya huyasema akimkabidhi kijana gitaa lililopinda shingo. Muuzaji naye huyasema, tena kwa upole, kila unapomwonyesha kasoro. Wote wanakubaliana kwamba anayeanza apewe chochote, zuri atalipata akishakuwa fundi. Mimi naona ni kinyume kabisa, na aliyenifanya nione hivyo ni mzee mmoja wa Ilala, mpiga ridhimu, ambaye katika maisha yake yote ya bendi hakuwahi kumiliki gitaa la umeme.

Msomaji kijana atauliza inawezekanaje. Inawezekana, kwa sababu ndivyo muziki wa dansi ulivyoendeshwa Tanzania kwa miaka mingi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikaja kuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. JKT na polisi nao walikuwa na bendi zao. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Mwanamuziki aliingia ukumbini akakuta gitaa, amplifaya na spika, akapiga mpaka usiku wa manane, akaviacha pale pale. Akihama bendi, na kuhama kulikuwa jambo la kawaida, aliondoka na vidole vyake tu. Alikohamia alikabidhiwa gitaa jingine, pengine bovu kuliko la kwanza, na watu walikuwa wameshalipa kiingilio. Miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokuwa adimu, hata seti ya nyuzi ilitafutwa kwa kujuana.

Kwa hiyo mzee wangu aliyajua magitaa kwa kuyavumilia. Alinisimulia gitaa moja ambalo uzi wake wa pili ulipanda kila ukibonyezwa kuanzia freti ya tano kwenda juu. Wimbo wa kwanza haukwisha kabla hajaugundua ugonjwa huo. Usiku mzima akawa anaukwepa uzi ule, na pale asipoweza kuukwepa aliuvuta kidogo wa tatu ili zilingane. Wachezaji hawakujua lolote.

"Nilijua pa kufika," aliniambia. "Sikio lilikuwa limeshafika kabla ya kidole."

Mtoto wa darasa la saba hajui pa kufika. Akibonyeza sawasawa na sauti ikatoka mbovu, ataamini kidole chake ndicho kibaya. Ataongeza nguvu, na uzi ukikandamizwa zaidi sauti hupanda zaidi. Nyumbani watasema anapiga kelele. Mwalimu asiye makini atasema hana sikio. Miezi michache baadaye gitaa litakuwa limetundikwa ukutani, na familia nzima itakubaliana kwamba kijana hakuwa na kipaji. Fundi anaweza kulizunguka gitaa linalodanganya. Mwanafunzi hana njia ya kujua kwamba anadanganywa. Huyo ndiye anayehitaji gitaa la kweli kuliko mtu yeyote. Liwe rahisi, sawa. Liwe limechubuka rangi na lina kifuniko cha kopo badala ya kitufe cha volyumu, sawa. Ila liseme kweli.

Mpwa wangu alipomaliza kidato cha nne akataka gitaa la umeme, nilimwomba mzee atusindikize kwenye duka moja la vitu vya mtumba karibu na Kariakoo. Lilikuwa limejaa feni, redio, baiskeli za watoto na majokofu. Magitaa yalining'inia juu ya mlango, mbele kabisa, yanapopigwa na jua la mchana. Muuzaji, kijana mchangamfu, alituamkia vizuri kisha akashusha jekundu lenye umbo la Stratocaster.

"Shikamoo wazee. Hii ni mali ya Mjapani, imeingia juzi tu. Laki tatu."

Hata hatujaliomba, akachomeka waya kwenye amplifaya, akaminya kitufe cha kukoroga sauti, akakung'uta nyuzi zote sita kwa pamoja. Mpwa wangu macho yakamng'aa.

"Mwanangu," mzee akasema, "zima hiyo kwanza. Tulisikie lenyewe."

Ukitaka kulijua gitaa la umeme, lisikilize likiwa halina umeme. Amplifaya iliyokorogwa hufanya sauti zote zilingane: uzi unaokufa haraka husikika kama unaodumu, na uzi unaogonga freti mkwaruzo wake hupotea ndani ya kelele. Ndiyo maana wauzaji wanaipenda. Mzee alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaegemeza sikio kwenye ubavu wa gitaa, akapiga uzi mmoja mmoja, freti moja moja, kuanzia kichwani hadi mwisho. Kazi hiyo ilichukua muda. Muuzaji alihudumia wateja wengine, akarudi, akamkuta bado yuko uzi wa nne. Alikuwa anatafuta vitu viwili: mahali sauti inapokwaruza, na mahali inapozimika mapema kuliko jirani zake. Uzi ukikwaruza kila mahali, huenda umelazwa chini mno, na hilo hurekebishwa kwa bisibisi. Ukikwaruza freti moja tu, basi freti inayofuata imenyanyuka au hiyo yenyewe imelika.

Kisha akasimama mlangoni kwenye mwanga, akaweka upande wa bodi karibu na jicho, akaitazama shingo kwa urefu kama seremala anavyoukagua ubao kabla ya kuulipia. Hapo ndipo bei halisi ya gitaa inapoamuliwa, na ningependa msomaji apaelewe vizuri.

Nyuzi sita zikikazwa sawasawa huvuta shingo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 40, na seti nene huzidi hapo. Mbao peke yake ingepinda. Kwa sababu hiyo ndani ya shingo hulazwa chuma kirefu, na mwisho wake, kichwani au pale shingo inapokutana na bodi, kuna nati ya kukizungusha. Ukiikaza, shingo hurudi nyuma. Ukiilegeza, nyuzi huivuta mbele. Shingo nzima haitakiwi kunyooka kabisa. Inatakiwa kuinama mbele kidogo sana ili uzi upate nafasi ya kutikisika. Kipimo hakihitaji kifaa: bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti iliyo pale shingo inapoungana na bodi, kwa mkono mwingine. Uzi wenyewe umekuwa rula. Sasa tazama kwenye freti ya saba. Paonekane mwanya mwembamba, wa kupitisha karatasi ngumu. Pasipo na mwanya kabisa, shingo imenyooka mno au imerudi nyuma. Mwanya ukiwa mpana, imeinama mno.

Yote mawili hurekebishwa kwa kuzungusha nati, robo mzunguko kwa wakati, mradi nati ni nzima. Kwa hiyo iangalie. Nati iliyomomonyoka pembe zake, au iliyokazwa mpaka mwisho na shingo bado imeinama, ni ishara ya kuliaga gitaa hilo. Na kuna ugonjwa wa tatu ambao chuma hakiutibu hata kidogo: shingo iliyojipinda, upande wa nyuzi nene ukielekea huku na wa nyuzi nyembamba ukielekea kule. Huo huonekana kwa kuzilinganisha kingo mbili ukiwa mlangoni vile. Katika magitaa ya mtindo wa Fender shingo imefungwa kwa skrubu nne na kinadharia unaweza kununua nyingine. Ila hapa mjini shingo peke yake utaipata wapi, na kwa bei gani? Mara nyingi itazidi gitaa zima. Gitaa la shingo iliyojipinda usilichukue hata kwa elfu hamsini.

Magitaa yenye kichwa kilicholala nyuma, kwa mtindo wa Gibson, yana jambo lake la ziada. Yakianguka, huvunjika kwa nyuma, pale nyuzi zinapoingilia kichwani. Pitisha kucha hapo. Ufa ulioungwa kwa gundi na kupakwa rangi macho yanaweza kuupita, ila kucha huugusa.

Shingo ya lile jekundu ilikuwa nzuri. Freti zilikuwa na alama kidogo chini ya nyuzi nyembamba kwenye zile tatu za kwanza, kwa kuwa kila anayejifunza hupiga kodi zilezile pale pale. Alama ndogo si neno. Zikiwa mifereji ambayo ukucha unazama, freti zinahitaji kusawazishwa au kubadilishwa, na hiyo ni kazi ya fundi anayejua anachofanya. Malipo yake kwa gitaa la bei hii hayana maana.

Daraja ndilo lililoumbua maneno ya "juzi". Skrubu zote zilikuwa na kutu ya kahawia. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na gitaa lililoning'inizwa mlangoni msimu mzima huonyesha. Mzee hakumsuta muuzaji. Alimwonyesha tu skrubu, akatoa mfukoni seti mpya ya nyuzi tuliyokuja nayo.

"Tunaomba tuzibadilishe."

"Mzee wangu, je, msiponunua?"

"Tusiponunua, nyuzi mpya zinabaki kwenye gitaa lako. Umepata faida."

Nilijifunza ujanja huo siku hiyo na sijauacha. Nyuzi zilizooza haziwezi kukupa jibu lolote kuhusu kipimo kinachofuata, kwa sababu uzi wenye kutu uzito wake haulingani kutoka mwanzo hadi mwisho na hautulii kwenye sauti. Ukilipima gitaa kwa nyuzi hizo, unapima kutu.

Kipimo chenyewe ni hiki. Freti ya 12 iko katikati kabisa ya safari ya uzi, kutoka kichwani hadi darajani, na hapo sauti hupanda oktavu moja. Gusa uzi kidogo juu ya freti hiyo bila kuubonyeza, piga, utapata hamoniki, sauti inayolia kama kengele. Kisha ubonyeze hapo hapo, piga tena. Sauti hizi mbili ziwe moja. Zamani mzee alitumia sikio. Siku hizi programu ya bure kwenye simu itakuonyesha sindano. Ikiwa ya kubonyeza iko juu, kiti cha uzi kwenye daraja kisogezwe nyuma. Ikiwa chini, kisogezwe mbele. Kama kiti kimeshafika mwisho wa njia na sauti bado haikai, huenda daraja lilifungwa mahali pasipo pake kiwandani, na hapo hakuna dawa rahisi.

Anayepiga kodi tatu za kanisani chini kule kichwani anaweza asiione kasoro hii kwa mwaka mzima. Ila dansi yetu imejengwa kwa magitaa yanayojibizana: ridhimu chini, solo akiwa juu kabisa ya shingo, second solo katikati yao. Gitaa lisilolingana juu na chini haliwezi kukaa katika mazungumzo hayo. Kijana atajikuta ni mzuri akiwa peke yake chumbani na mbaya kila akikaa na wenzake, asijue kwa nini.

Uzi wa tatu ndio ulioleta taabu. Ulipanda, na skrubu ya kiti chake ilikuwa imeganda kwa kutu. Mzee aliomba tone la mafuta ya cherehani. Jirani wa duka, fundi nguo, alikuwa nayo. Tukaagiza chai, tukasubiri mafuta yapenye, mzee akijaribu kwa vidole bila kulazimisha, maana bisibisi ikiteleza hapo kichwa cha skrubu huharibika na kazi imekwisha. Chai ilikuwa imeshapoa skrubu ilipokubali. Mpwa wangu, ambaye hadi hapo alikuwa amenuna kwa kuona tunachelewesha furaha yake, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona sindano ya simu ikitulia katikati.

Ndipo tukawasha umeme. Upande huu nitaupita haraka, kwa sababu mambo mengi yanayotisha hapa ni ya bei ndogo. Volyumu inayokwaruza ukiizungusha ina vumbi. Dawa ya kusafishia mitambo ya redio huimaliza. Jeki inayokatakata imelegea au waya umeachia, na fundi redio yeyote atachomea kwa risasi ukimsubiri. Pikapu zinahitaji umakini zaidi. Hizi ni sumaku zilizozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kuliko unywele, na waya huo ukikatika ndani, pikapu imekufa. Kuzipima, gonga kidogo juu ya kila moja kwa ncha ya bisibisi huku swichi ikiwa upande wake: iliyo hai hujibu kwa mlio kwenye spika. Za lile jekundu zilijibu mbili, ya katikati kimya. Fundi mwenye mita angejua zaidi: pikapu ya koili moja ikisoma kilo-omu tano hadi nane kwa kawaida ni nzima, isiposoma chochote waya umekatika.

Mvumo pia usikutishe mapema. Pikapu za koili moja huvuma kidogo kwa maumbile yake. Zile za koili mbili zilibuniwa Gibson mwaka 1955 na Seth Lover ili kuuondoa. Jambo la kuangalia ni kinachotokea ukigusa nyuzi. Mvumo ukipungua, waya wa ardhi umefika darajani, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Usipopungua, waya huo umekatika.

Ukipigwa shoti, achia kila kitu. Huo karibu kila mara ni ugonjwa wa amplifaya, maikrofoni au soketi isiyo na ardhi, na nyuzi za chuma zinaufikisha mwilini mwako. Nimewaona vijana wakicheka wakipigwa shoti midomoni kwenye maikrofoni, huku jenereta ikinguruma nyuma ya ukumbi. Mwaka 1972, mpiga gitaa wa Scotland aitwaye Les Harvey alikufa jukwaani huko Swansea kwa kugusa maikrofoni isiyo na ardhi. Na wanaonunua amplifaya kutoka kwenye kontena za Japani wasome nyuma yake kabla ya kuichomeka: kule umeme ni volti 100, hapa 230. Bila transfoma itakupigia wimbo mmoja wenye moshi.

Kuhusu jina kichwani, sina la kusema zaidi ya kwamba stika ni rahisi kuliko gitaa. Tulilolishika lilikuwa na jina kubwa la Marekani, na herufi zake zilinyanyuka pembeni ukipitisha kidole. Mzee hakulisoma hata mara moja.

Bei ilizungumzwa namna hii.

"Mwanangu, pikapu ya katikati haisemi. Skrubu zina kutu. Nyuzi nimekuwekea mimi, na gitaa sasa linalingana, asubuhi lilikuwa halilingani. Nikuongeze nini tena?"

"Basi mzee wangu, laki mbili na nusu, kwa heshima yako."

"Heshima yangu weka pembeni. Laki moja na nusu."

Tuliishia laki moja na themanini. Pikapu ya katikati haikuwa imekufa. Waya wake ulikuwa umeachia kwenye swichi, na fundi redio wa mtaani kwetu aliurudisha mpwa akiwa amekaa pembeni anatazama. Hilo hatukulijua dukani, na mzee alikataa kuliwekea dau. Alilipa kana kwamba ni pikapu mbili tu zipo. Naona huo ndio uhasibu wa haki kwa kitu cha mtumba: kasoro usiyoweza kuipima ihesabu kuwa ni kubwa, na kama ni ndogo, faida ni yako.

Siku hizi kuna magitaa mapya ya China na Indonesia ambayo mengine ni mazuri kwa bei yake, kwa hiyo mtumba hauna sababu ya kununuliwa ukikaribia bei ya jipya. Mimi huweka mpaka kwenye nusu, baada ya kujumlisha nyuzi, fundi na nauli. Ukivuka hapo, nunua jipya, ila ukalikague vilevile. Shingo ya kiwandani nayo hujipinda ikiwa melini, na gitaa lililotengenezwa kwenye unyevu wa pwani likipelekwa Dodoma mbao hukauka na ncha za freti zikaanza kukukwaruza kiganja.

Ombi langu ni kwa wakuu wa kwaya, kwa kuwa kwaya zetu zinanunua magitaa mengi, na kila mara anayetumwa dukani ni mweka hazina. Mtumeni na mpigaji. Waende mchana, wakiwa na simu yenye programu ya kutyuni, bisibisi ndogo na seti mpya ya nyuzi, na mweka hazina akubali mapema kwamba fedha ya nyuzi hizo huenda ikabaki dukani. Muuzaji akikataa zibadilishwe, rudini na pesa yenu.